Acheni kutulazimisha kuhamishia bia kwenye chombo cha pili: nimemwaga lita 20

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu nimemwaga lita 20 za bia niliyopika mwenyewe kwenye mtaro nyuma ya nyumba yangu hapa Ipagala, Dodoma, na kila hatua iliyonifikisha kwenye mtaro huo niliifuata kama nilivyoelekezwa. Mwongozo unaosambazwa humu, ambao hata muuzaji aliyeniuzia mtungi wa kioo kwa shilingi 85,000 aliurudia neno kwa neno, unasema kwamba ikifika siku ya 7 tangu kutia hamira ni lazima bia itolewe kwenye ndoo ya kwanza na kuhamishiwa kwenye chombo cha pili, la sivyo mashapo yataoza na kuiharibu. Hilo neno "lazima" ndilo ninalolilalamikia.

Nilipika bia ya kawaida kwa kimea cha shayiri na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) nilizoagiza kutoka Dar es Salaam zikaja kwa basi, nikatia pakiti moja ya hamira, na haidromita, kipimo cha uzito wa bia ambacho namba yake hushuka kadiri hamira inavyokula sukari na kutulia ikimaliza, ikasoma 1.048. Siku ya 7 ilisoma 1.020, maana yake hamira ilikuwa bado kazini, lakini mwongozo haukuniambia nitazame kipimo, uliniambia nitazame kalenda. Nikafungua ndoo, nikatumbukiza mpira wa kupitishia bia, nikahamishia kwenye ule mtungi. Ilikuwa mwezi wa Agosti, na anayeishi Dodoma haelezwi upepo wa Agosti: unafunga madirisha yote, na bado ukipitisha kidole juu ya meza kinatoka chekundu kwa vumbi. Bia ilikuwa ikidondoka ndani ya mtungi kwa kishindo, inatoa povu na kujichanganya na hewa, nami nimesimama pale nikiamini kwamba ninaisafisha. Mtungi wenyewe ni wa lita 25, kwa hiyo juu ya bia ilibaki nafasi ya lita tano iliyojaa hewa ya chumbani. Baada ya wiki mbili haidromita ilikuwa imegoma kwenye 1.018, utando mweupe umetanda juu kama ule wa maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe, na ladha yake ilikuwa siki kwanza, kisha boksi lililolowa maji.

Wanaotufundisha watueleze ni nini hasa walichokuwa wanakilinda. Hamira inapofanya kazi hutoa hewa ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayojaa juu ya bia na kuifukuza oksijeni, kwa hiyo ndoo iliyofungwa vizuri tayari ina kinga yake. Unapohamisha unaiacha kinga hiyo nyuma, na unaiacha pia sehemu kubwa ya hamira iliyotua chini, ambayo bado inahitajika, kwa kuwa mwishoni mwa kazi yake ndiyo inayoondoa ile harufu ya siagi na ile ladha ya tufaa bichi ambazo bia changa huwa nazo. Mnaiita hatua ya kusafisha, ilhali mnamfukuza msafishaji kabla hajamaliza.

Hofu ya hamira kufa na kuyeyukia kwenye bia si ya uongo, ila si ya ndoo zetu. Katika viwanda vikubwa matangi ni marefu, uzito wa bia huikandamiza hamira iliyorundikana chini na joto hujikusanya hapo, kwa hiyo kiwanda kina sababu ya kuiondoa mapema. Tena zamani hamira iliyowafikia wapikaji wa nyumbani ilikuwa dhaifu. Ndoo ya lita 20 ina tabaka jembamba tu la mashapo, na ikikaa kwenye nyuzi 18 hadi 22 haidhuriki kwa wiki tatu wala nne. Hata baadhi ya waandishi wa Marekani walioeneza ushauri huu wameuacha waziwazi miaka mingi iliyopita.

Kama kuna kitu cha kumwonya mpikaji wa Dodoma, ni joto, hasa Oktoba na Novemba. Mimi huweka ndoo ndani ya beseni la maji na kuifunika kitenge kilicholowa, na kwa ukavu wa hewa yetu joto hushuka kutoka nyuzi 28 hadi 22 bila umeme. Bei ya ule mtungi ingenunua beseni na vitenge na chenji ikabaki, lakini hilo hakuna aliyeniambia.

Nadhani tabia hii kwetu imetoka kwenye divai. Huu ni mkoa wa zabibu, na mtengenezaji wa divai wa Hombolo au Mpunguzi anayehamisha ana sababu zake: mashapo yake yana maganda na nyama ya zabibu, divai itakaa miezi mingi, kilevi chake hufika asilimia 11 au zaidi, na kwa kawaida huwa ametia salfaiti ya kuilinda na hewa. Bia yangu ya asilimia nne na kitu haina ulinzi huo hata kidogo, na itanywewa ndani ya wiki chache.

Sisemi kwamba chombo cha pili hakina kazi. Anayetaka kutia ubuyu au zabibu, au anayepika bia kali ya kukaa miezi sita, ahamishe, ila taratibu, ncha ya mpira ikiwa chini kabisa, na chombo kijae hadi shingoni.

Septemba nilipika tena na kuigawa bia kwenye ndoo mbili za lita 10. Moja niliihamisha kwa uangalifu mkubwa, nyingine sikuigusa hadi haidromita iliposoma 1.011 mara mbili kwa kupishana siku tatu. Siku ya 18 zote zilikuwa angavu sawasawa. Iliyohamishwa ilikuwa imepungua karibu lita nzima, na majirani watatu niliowaonjesha bila kuwaambia ipi ni ipi walichagua ile nyingine.

Kwa hiyo namwomba msimamizi alifute neno "lazima" kwenye mwongozo ule na mahali pake aandike kipimo cha haidromita. Na atakayekuja kunijibu kwamba kwake kuhamisha kumesaidia, aje na takwimu zake: bia ilisoma ngapi siku aliyoihamisha, joto lilikuwa nyuzi ngapi, na juu ya bia ilibaki nafasi kiasi gani.