Lakrosi NCAA: timu zote 18 zipewe namba, huu mpangilio wa nauli umetuchosha!

Wakuu, kila Mei ni kilio kilekile kwenye ubingwa wa lakrosi (mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo zenye wavu) ya wanaume, Daraja la Kwanza, wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, na kila Mei kamati inayopanga mechi inapita kimya kimya.

Timu 18 zinafuzu, lakini zinazopewa namba (yaani cheo cha ubora, 1 ikiwa bora kuliko zote) ni 8 tu, na hizo ndizo zinazoanzia nyumbani. Timu 4 zinazoonekana dhaifu zaidi zinachujana katikati ya wiki, washindi wawili wanapelekwa kwa namba 1 na namba 2. Zinabaki 6 zisizo na namba za kugawiwa namba 3 hadi 8, na uonevu unaanzia hapo. Kinachotazamwa ni umbali! Ndani ya maili 400, kama kilomita 640, timu inapanda basi. Ikizidi hapo NCAA inalipa ndege, kwa hiyo kamati inazungusha timu mpaka ndege zipungue.

Matokeo yake, timu iliyokosa namba 8 kwa unywele inaweza kutupwa kwa namba 3 kwa sababu tu vyuo vyao viko jirani. Namba 3 amepambana tangu Februari, zawadi yake ndiyo hiyo? Huku namba 8 akiletewa mteremko. Na kosa haliishii raundi ya kwanza, maana robo fainali inarithi upande uleule.

Msiniambie wasio na namba wote ni sawa. Mwaka 2010 Notre Dame bila namba walifika fainali, Duke wakawatoa 6-5 kwenye muda wa nyongeza. Mwaka 2011 Maryland, nao bila namba, walifika fainali wakafungwa na Virginia 9-7. Timu za namna hiyo unampangiaje mtu kwa kupima barabara?

Dawa ni nyepesi: pangeni 1 hadi 18. Wa 15 hadi 18 wachujane, kisha 3 na 14, 4 na 13, 5 na 12, 6 na 11, 7 na 10, 8 na 9. Bajeti ikibana kweli, ruhusuni timu kubadilishana nafasi moja tu, mfano wa 13 na wa 14, basi. Vyuo vingi vya mchezo huu vimerundikana kaskazini mashariki mwa Marekani, basi litafika kwa sehemu kubwa ya mechi.

Na orodha nzima ya 18 itangazwe Jumapili ileile ya uteuzi, pamoja na kila badiliko lililofanywa kwa ajili ya safari.