Mgongo wa mtoto wa miaka 4 uliopinda digrii 78: kwa nini tusigandishe pingili (kuziunganisha ziwe mfupa mmoja) mara moja?

Swali (Tabora): Wakuu, plasta ya kiwiliwili haizuii tena mpindo. Safari za Dar ni ghali; upasuaji mmoja si ungetosha?

Jibu: Hapana, ndugu. Ukigandisha pingili za kifua umri huo, kifua hakikui, mapafu yanabaki madogo, na baadaye kukosa pumzi kunaweza kuua. Badala yake, vyuma viwili hufungwa juu na chini ya mpindo tu, katikati huachwa ikue, kisha hurefushwa kila miezi 6 hivi.

Jibu: Kabla ya upasuaji, kwanza MRI (picha ya ndani kwa sumaku) ya uti wa mgongo. Na lishe, tafadhali! Mtoto akikonda, ngozi juu ya chuma huchanika, usaha huingia.

Jibu: Chuma hukatika pia, hasa karibu na kiungio cha chuma chenyewe. Maumivu ya ghafla? Eksirei hapohapo hospitali ya Kitete, Tabora, msisubiri tarehe ya Dar.