Nimechaguliwa UD na Ardhi, siku za kukonfemu zinaisha, naombeni ushauri

Binti wa Mwashi:
Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo zenu. Naomba mnisomee mpaka mwisho maana nyumbani hakuna aliyepita chuo, wa kumuuliza sina. Nimemaliza fomu siksi mwaka huu PCM (fizikia, kemia na hesabu), awamu ya kwanza nimetokea vyuo viwili, Mlimani, yaani UD, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamenipa sivo (uhandisi wa ujenzi) na Chuo Kikuu Ardhi wamenipa ukadiriaji majenzi, ile ya QS. Zote miaka minne. TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanataka nikonfemu kimoja tu na kodi (namba ya siri ya kuthibitisha) ninayo tayari kwenye meseji ya simu, siku zimebaki chache.

Sasa shida yangu ni hii. Baba yangu ni fundi mwashi huku Kahama, amejenga miaka mingi tu. Yeye anataka sivo, anasema kwa saiti zote alizofanya injinia akishuka kwenye gari kila mtu anasimama wima, anataka siku moja mtoto wake awe ndiye anayeshuka. Namuelewa kabisa. Ila mimi nilivyokuwa fomu tuu baba alichukua nyumba ya mtu vyumba vitatu na sebule kwa mkupuo, vifaa na ufundi vyote juu yake, alikadiria kichwani kama alivyozoea, hela ikaisha hata lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, haijafungwa ikabidi auze ng'ombe wawili amalizie kazi ya watu. Tangu hapo nikawa namuandikia kwenye kaunta buku, tofali ngapi, saruji mifuko mingapi, nondo, mbao, misumari mpaka posho ya saidia fundi, na kwa kweli hajauza tena ng'ombe kwa sababu ya kazi. Hiyo kaunta buku ndio kitu nilichokipenda kuliko chochote nilichosoma shuleni. Nilivyojaza maombi niliweka QS kwa ajili ya hiyo, na sivo kwa ajili ya baba.

Watu huku wananiambia nani anaacha UD aende Ardhi. Kwa kuishi sina shida, mama mdogo anakaa Goba. Nisaidieni.

Mlimani Damu:
Mdogo wangu hongera sana, kupata hivyo vyuo viwili kwa mpigo sio kitu kidogo. Mimi nakuambia UD bila kupepesa. Uhandisi pale umeanza 1973, mainjinia wengi wakubwa unaowasikia nchi hii wamepita pale. Maktaba mpya ya 2018 ni kubwa mno, hosteli za Magufuli zilifunguliwa 2017 zinabeba wanafunzi 3,840 halafu ziko mlemle chuoni. Na sivo ni pana, ukitoka kuna TANROADS na TARURA za barabara, RUWASA ya maji vijijini, reli, mabwawa, kila halmashauri inahitaji injinia. Kingine ambacho vijana hawakifikirii, mtu wa sivo akitaka baadaye anaweza kuhamia mambo ya gharama na mikataba na wapo wengi wamefanya hivyo, lakini QS hawezi kuamka asubuhi akasanifu daraja. Mlango mpana ndio wa kuingilia. Baba yako kaona mbali.

Lenta na Gebo:
Binti, ngoja mtu wa hiyo hiyo kazi aseme. Mimi nimesoma QS palepale Ardhi nikamaliza 2003 na cheti changu kimeandikwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengi hawaijui hii. Kuanzia 1996 mpaka 2007 Ardhi ilikuwa chuo kishiriki cha UD, tulikuwa tunaitwa UCLAS, ndio ikajitegemea. Kwa hiyo wanaokutisha na jina waambie ni mlima mmoja, unatoka geti la Ardhi unatembea kwa mguu mpaka UD, unasoma maktaba, unarudi kula.

Kuhusu kazi. Hicho ulichokuwa unamfanyia baba ndio mwanzo wa QS wenyewe. Unachukua michoro unaisoma mstari kwa mstari, unatoa vipimo, mita za mraba za ukuta, mita za ujazo za zege, kilo za nondo, unaviingiza kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na vipimo vyake, na hapo ndipo wakandarasi wanaweka bei. Jengo likianza unarudi saiti unapima kilichofanyika ndipo mkandarasi alipwe. Mwenye nyumba akibadilisha mawazo katikati wewe ndiye unasema hilo badiliko linagharimu kiasi gani na nani analilipa. Hospitali ngapi huku wilayani zimeishia kwenye lenta kwa sababu aliyekadiria alikadiria kichwani, kama baba yako siku ile? Mimi roho inaniuma kila nikipita kwenye gofu la namna hiyo, maana mtu mmoja mwenye kaunta buku angeliokoa. Ukimaliza unaingia AQRB, bodi ya usajili ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, unafanya kazi chini ya msajiliwa, unafanya mitihani yao, unasajiliwa. Sio njia fupi lakini inaeleweka.

Mama wa Wawili:
Mwanangu mimi nitakuongezea la hela tu maana hilo ndilo linalowaliza watoto. Mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi haujali ni UD au Ardhi, unakufuata chuo ulichokonfemu. Bumu la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu 2022, zamani ilikuwa 8,500, na linatoka kwa vipindi, sio kila mwezi. Kwa hiyo hata ukikaa Goba tenga nauli mapema kabla hujaanza kununua vitu. Barabara ya Goba Makongo inakuleta mpaka Ardhi na UD ni hapo jirani, hivyo upande wa usafiri hakuna kinachoshinda mwenzake. Na ukae na mama mdogo kama anakutaka kweli, usikimbilie geto Changanyikeni muhula wa kwanza.

Injinia wa Vumbi:
Mimi ni wa sivo, nimesoma hapo Mlimani, sasa hivi nipo barabarani mkoani. Naipenda kazi yangu na naomba nikuambie ukweli bila kukuvuta upande wowote. Hesabu za kaunta buku na hesabu za sivo sio ndugu. Kule mwaka wa kwanza unakaa ukumbini na watu mamia mnapigwa kalkulasi, mekanika, uchoraji wa kihandisi, halafu unakuja uchambuzi wa miundo, udongo, maji. Nimeona watu wa divisheni wani wakila sapu (mitihani ya kurudia) mbili tatu na wengine kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, na wengi wao hawakushindwa akili, walikosa sababu ya kukesha. Wanaokaa ni wale wanaotaka kujua kwa nini nguzo inasimama. Mimi ghorofa la Indira Gandhi lilivyoanguka 2013 sikulala vizuri wiki nzima, na la Kariakoo Novemba 2024 hivyo hivyo, nilitaka kujua nini kilishindwa, ni udongo, ni zege au ni mtu aliongeza uzito chini kukiwa hakujaandaliwa. Hiyo ndiyo njaa ya sivo. Na ukitoka kuna ERB, bodi ya usajili ya wahandisi, unasajiliwa injinia mhitimu halafu miaka mitatu ya SEAP, mafunzo ya kazini yanayosimamiwa, ndio uwe injinia kamili, huyo anayeshuka kwenye gari baba anayemsema.

Sasa nikuulize wewe. Ukiwa saiti na baba, jicho lako linaenda wapi kwanza?

Kokoto Nne:
Wakuu msisahau Ardhi nayo ina sivo. Kwa hiyo mada sio chuo na chuo, mada ni kozi na kozi. Binti apange hivyo kichwani.

Binti wa Mwashi:
Asanteni sana wote, nimesoma kila neno na mengine nimerudia. Kaka Injinia swali lako nimekaa nalo tangu mchana. Nikifika saiti kwanza naangalia lundo la tofali, nahesabu, halafu naangalia ukuta uliosimama naona kama zilizobaki zinatosha. Tofali za nchi 6 mita moja ya mraba zinaingia kama kumi, hiyo niliijua kabla sijafundishwa eneo darasani vizuri. Kuhusu nguzo kwa nini inasimama, sijawahi kukosa usingizi, naomba niseme ukweli. Nasikitika watu wakifa ila swali hilo halinijii lenyewe.

Mlimani Damu:
Haya, kwa hilo jibu mimi nalegeza kidogo. Lakini bado nakuomba fikiria ajira. Nafasi za serikali zikitoka hesabu mwenyewe, sivo zinakuwa nyingi kuliko QS, hilo usifichwe na mtu. Mtoto wa fundi akikaa nyumbani miaka mitatu anasubiri, baba ndiye anayeumia.

Lenta na Gebo:
Hapo Mlimani Damu kasema kweli na mimi sitapinga. Serikalini nafasi za sivo ni nyingi. Ila binti ana kitu ambacho wengi tuliomaliza nao hawakuwa nacho, ana saiti. Madarasa na vituo vya afya vinajengwa kwa fosi akaunti (serikali inajenga bila mkandarasi) kila kata, mafundi wa mtaani ndio wanaopewa, na wengi wanapata hasara kwa sababu hawana wa kuwakadiria. Likizo za mwaka wa kwanza tu ukirudi Kahama unaweza kuwakadiria mafundi wenzake baba kwa bei ya kawaida ukajijengea jina kabla hata hujahitimu. Halafu jifunze AutoCAD na Excel mapema, usingoje mwaka wa tatu. Cha mwisho, usikonfemu kwa siri. Mpigie mzee, msomee hata nilichokiandika mimi, akikataa mwambie akupe sababu umsikilize.

Injinia wa Vumbi:
Naunga mkono, mpigie leo. Na kwa jibu lako mimi wa sivo nakuruhusu uende Ardhi.

Binti wa Mwashi:
Wakubwa zangu narudi na majibu. Nilimngoja baba arudi kazini, akaoga, akala, nikamsomea uzi wote kwenye simu, alikuwa kimya mpaka nikadhani kasinzia. Kuna mahali alinisimamisha nirudie, pale pa mtu anayekuja kupima kazi ndipo mkandarasi alipwe. Akasema kumbe huyo ndiye QS. Akasema mwanangu mimi injinia nilikuwa namheshimu, ila yule wa kuja na futi na karatasi ndiye nilikuwa namuogopa, maana akipima ukuta anajua nimekosea wapi na nitakatwa kiasi gani, na sijawahi kumkuta amekosea. Akauliza yule analipwa vizuri? Nikamwambia sijui baba lakini nadhani haibiwi. Akanyamaza tena halafu akaniambia niilete ile kaunta buku, akafungua ukurasa wa nyumba ya mwaka jana, akasoma kwa kidole mpaka chini kwenye jumla, akasema basi, andika huko wanakotaka uandike.

Nimeingiza kodi ya Ardhi saa nne usiku, imeandika imethibitishwa. Mama mdogo nimeshamwambia kafurahi. Kaka Lenta na Gebo nakuomba jambo moja, mwaka wa kwanza nibebe vifaa gani vya kuchorea kutoka huku, au Dar vinapatikana kwa bei nafuu zaidi?

Lenta na Gebo:
Hongera sana binti. Usinunue kitu huko, subiri uambiwe darasani kinachotakiwa, na bodi ya mkopo ina fungu la mahitaji maalumu ya kozi, angalia kama umepangiwa. Wewe beba kalkuleta nzuri na hiyo kaunta buku. Salamu kwa mzee.