Kiswahili kina "yeye" moja kwa wote, mbona watoto bado wanajua nani anaoa na nani anaolewa? Tujadili

MLETA MADA
Wadau habari za saa hizi. Kuna hoja nakutana nayo kila mara watu wakigusia lugha na jinsia, eti hiyo ni shida ya Waingereza na Wafaransa, sisi haituhusu kwa sababu ukisema "amekuja" anaweza kuwa Juma anaweza kuwa Asha, kwahiyo lugha yetu iko sawa na hakuna haja ya kugusa vitabu vya watoto wala namna tunavyoongea nao nyumbani. Mi napinga, na naomba mnisome mpaka mwisho ndo mje na hoja.

Kwanza "yeye" moja peke yake haijawahi kuleta usawa popote. Kiajemi hakina kiwakilishi cha kike na cha kiume, Kifini nacho hakina. Haya chukua Iran na Finland uniambie kama maisha ya mwanamke yanafanana.

Pili kuna utafiti ulitoka mwaka 2017 kwenye jarida la Science, Lin Bian na wenzake, ulifanyika Marekani kwa watoto wa miaka mitano, sita na saba. Mtoto anasimuliwa habari za mtu mmoja mwenye akili sana sana, haambiwi ni mwanamke au mwanaume, alafu anaonyeshwa picha za wanaume na wanawake achague ni yupi. Wa miaka mitano, wasichana waliwachagua wa jinsia yao kama wavulana walivyowachagua wa kwao. Kuanzia miaka sita wasichana wakaanza kuwachagua wanawake kidogo kuliko wavulana walivyowachagua wanaume. Sasa angalieni vizuri, ile hadithi ilikuwa haina jinsia kabisa, yaani ilisimuliwa kama tunavyosimulia sisi kila siku na "yeye" yetu, na bado mtoto alijaza jinsia mwenyewe.

Mashine nazo hivyo hivyo. Mwaka huohuo 2017 Aylin Caliskan na wenzake walionyesha ukitafsiri kwa mashine kutoka Kituruki, ambacho nacho kina kiwakilishi kimoja, kwenda Kiingereza, wakati ule daktari alitoka mwanaume na nesi alitoka mwanamke. Mashine imesoma maandishi ya watu, imebeba yaliyomo.

Tena kwetu jinsia imekaa mpaka kwenye kitenzi. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja anatenda mwingine anatendwa, na mzazi anaozesha. Alafu mtoto akienda shule anakutana na baba analima, mama anapika, Juma anacheza mpira, Asha anafagia. Hoja yangu ni kwamba sentensi za mifano kwenye vitabu vya awali mpaka darasa la pili zipitiwe upya zote, na sisi wazazi tuzoee kusema wameoana, wamefunga ndoa. Karibuni.

MZEE WA UNGUJA
Kijana wangu heshima yako, umeandika kwa ustaarabu nami nitajibu hivyohivyo. Lugha husema yanayofanyika. Mwanamume ndiye anayeposa, ndiye anayetoa mahari, walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, ndiye anayeozesha, sasa ulitaka kitenzi kisemeje? Ukitaka neno libadilike itabidi ubadili nikaha, na nikaha hatuibadili. Pia lugha haiendi kwa amri. Tarakilishi, yaani kompyuta, imo vitabuni miaka yote hiyo, njoo sokoni Darajani uulize bei ya tarakilishi uone utakavyotazamwa. Watoto husema wanayoyasikia kwa watu, kitabu kinakuja baadae.

MAMA WA WAWILI, TANGA
Mzee shikamoo. Hapo kwenye kusikia kwa watu ndo penyewe. Binti yangu alivyokuwa na miaka minne alisema mbele ya wageni "nikiwa mkubwa na mimi nitaoa". Watu walicheka mpaka mtoto akajificha nyuma yangu, shangazi yake akamwambia wewe huoi, wewe utaolewa, anayeoa ni kaka. Kaka yake ana miaka miwili hajui hata ndoa ni nini!! Na mtoto hakukosea hata kidogo, amesikia mjomba anaoa, akachukua kitenzi akakiweka kwake kama anavyosema nitakula nitalala. Tangu siku ile hajarudia. Hakufundishwa na kitabu, alifundishwa na kicheko. Kwahiyo mleta mada nakuunga mkono lakini sio kwa vitabu, kwangu mimi kitabu kilikuta kazi imeshaisha.

NIPO NAIROBI
Huyo mama amesema ukweli mtupu, na utafiti unamuunga mkono. Jean Berko mwaka 1958 alionyesha watoto picha za vitu alivyovibuni na majina aliyoyatunga mwenyewe, akawauliza vikiwa viwili vinaitwaje, na watoto wakaweka wingi sawasawa kwa neno ambalo hawajawahi kulisikia maishani. Yaani mtoto hakariri tu, anajitolea kanuni mwenyewe. Katherine Demuth naye alifuatilia watoto wanaojifunza Kisesotho, lugha ya Kibantu ndugu na yetu, akakuta wanatumia kauli ya kutendwa kabla hata hawajafika miaka mitatu, mapema kuliko vile watu walidhani kwa kuangalia watoto wa Kiingereza. Sasa kama Kiswahili kinaenda hivyohivyo basi tofauti ya kuoa na kuolewa mtoto anaidaka akiwa bado hajui kufunga viatu. Huku kwetu Kamil Ud Deen alifanya utafiti na watoto wa Nairobi akaona wanaangusha viambishi vya mwanzo wa vitenzi, kama ni- na a-, na watu wazima wanaowalea pia huangusha cha mtenda wakiongea kawaida. Kiswahili anachoshika mtoto ni kile cha nyumbani na cha mtaa, cha kitabu kinangoja. So mimi nasema pesa za kuchapisha vitabu upya zipelekwe kwengine, kama madarasa ya wazazi pale kliniki. Ukiandika Asha ni rubani na huku nyumbani ni Asha peke yake anaitwa aoshe vyombo, hapo hujafanya kitu.

BINTI WA DODOMA
Naongeza kitu kingine. Tuna Rais mwanamke tangu tarehe 19 Machi 2021 na bado nusu ya nchi inamwita Mama Samia. Kabla yake tulisema Magufuli, Kikwete, Mkapa, basi. Mtoto anayesikia hivyo anajifunza kwamba mwanamke hata akiwa juu kabisa lazima apitie umama ndo aheshimiwe. Mimi sina mtoto na sijui kama nitapata, mniambie nikifika huko nitaitwaje.

MZEE WA UNGUJA
Mwanangu mama ni heshima, haimpunguzii mtu. Nyerere hatukumwita Baba wa Taifa?

BINTI WA DODOMA
Tulimwita mzee wangu, ila watoto wengi walimjua kwa jina la Mwalimu, ambayo ni kazi aliyoifanya. Hapo ndo ninaposemea.

MWALIMU WA DARASA LA PILI
Mimi niko chumba cha darasa kila siku kwahiyo naomba niwape ya kwangu. Kuna zoezi maarufu la kuwaambia watoto wachore mwanasayansi. David Chambers alikusanya michoro ya watoto 4,807 kati ya mwaka 1966 na 1977, wanasayansi wa kike walichorwa 28 tu, na wote walichorwa na wasichana. Baadae David Miller na wenzake wakajumlisha tafiti za Marekani za miongo mitano wakachapisha 2018, zile za kuanzia 1985 zilikuwa na wastani wa asilimia 28 ya michoro yenye wanawake. Kwahiyo inabadilika jamani. Ila iliendana na wanawake kuongezeka kweli kwenye hizo kazi, hapo namuelewa mzee, mambo yakibadilika picha kichwani inafuata. Mi nina wanafunzi wengi kuliko madawati, mkiniambia nipitie kila sentensi ya kitabu nitaishia ukurasa wa tatu.

MLETA MADA
Asanteni sana, huu ndo mjadala. Mzee shikamoo tena, nikaha hakuna anayeigusa. Ila kuhusu lugha kutobadilika kwa makusudi sikubaliani, tulikua tukisema kilema, kiwete, binadamu anapewa ki- ya mwanzo kama kiti na kisu, leo hata tangazo la serikali linasema watu wenye ulemavu, na watu wenye ulemavu wenyewe walisimamia hilo. Tarakilishi imekwama kwa sababu hakuna aliyekuwa anaumia kwa kusema kompyuta.

Mwalimu, hiyo michoro iangalie tena. Wale watoto wangapi walikuwa wamekutana na mwanasayansi ana kwa ana? Walimpata kwenye vitabu na kwenye tivii. Mtoto wa Nzega au Lamu anamuona mama yake anapika, sawa, na ni kweli, sijasema aache kumuona. Lakini rubani, injinia, jaji, hao hawapo mtaani kwake, huko kitabu na redio ndo vinafika kabla ya mtu, na ukimuandika jaji kwa "yeye" bila jina wala picha tumeshaona kuanzia miaka sita wanavyojaza.

Ndo maana nang'ang'ania vitabu na sikubali pesa zihamishwe zote kliniki. Mama wa Tanga na Nairobi mmenishinda kwenye nyumbani, nyumbani sina jibu la kitabu. Kwa mwalimu ombi langu ni dogo kuliko ulivyoliona, usipitie kila sentensi, chukua zile zenye kazi tu, fundi, dereva, daktari, mkulima, na pale kwenye Juma weka Asha unaposoma kwa sauti, kitabu kibaki kama kilivyo. Ukifanya muhula mmoja rudi hapa hapa utuambie watoto walisema nini.

MWALIMU WA DARASA LA PILI
Hiyo naweza. Nitaanza na fundi.