Miaka 48 kiti kimoja: huyu Hoover wa FBI mnamsifia kwa lipi hasa?

Wakuu nimechoka. Ikitajwa FBI tu, lile shirika la upelelezi la Marekani, lazima atokee mtu kumsifia J. Edgar Hoover, mkurugenzi wake wa zamani, eti mchapakazi, eti ndio kaleta mpangilio wa alama za vidole na maabara. Hayo alifanya, sibishi. Lakini mtu kakabidhiwa ofisi 1924 ana miaka 29, hakutoka mpaka kifo kilipomfuata Mei 1972, marais 8 wanaingia wanatoka yeye yupo tu, na hakuna mwananchi hata mmoja aliyewahi kumpigia kura!

Umri wa kustaafu ulikuwa miaka 70, alipoukaribia Rais Johnson akamsamehe, endelea baba. Wakubwa wa Washington walijua jamaa ana mafaili, nani anatoka na nani, nani kafanya nini gizani, na mengine hayakwenda masijala, yalikaa ofisini kwake. Hana haja ya kumtisha mtu, we ukishajua faili lako lipo unanyamaza mwenyewe.

Ila kinachonichoma ni Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi Marekani. Walimtegea vinasa sauti mpaka vyumba vya hoteli, halafu Novemba 1964, King anajiandaa kwenda kuchukua Nobel, watu wa Hoover wakamtumia kanda na barua isiyo na jina, wanamwambia amebakiwa na jambo moja tu la kufanya na analijua. King akaelewa wanataka ajiue. Na aliyekuja kulifungua hilo furushi ni mkewe, Coretta. Hebu fikiria huyo mama yuko nyumbani kwake na watoto anafungua kitu kama hicho, kimetumwa na watu wanaolipwa mshahara wamlinde!

Na tusingejua kitu. Mpaka raia wa kawaida wakavunja kiofisi cha FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, Machi 1971, usiku ule ule bondia Muhammad Ali anapigana na Frazier, wakabeba makaratasi wakawatumia waandishi. Bunge lilikuwa wapi miaka yote hiyo??

Alipokufa, sekretari wake Helen Gandy akatumia wiki kadhaa kuharibu mafaili yake binafsi. Hakuna aliyemzuia. Halafu 1975 wakazindua makao makuu mapya kwa jina lake, mwaka huo huo kamati ya Seneti inaanika uchafu wake. Coretta alikuwa hai, anaona jina hilo limeandikwa ukutani.