Zawadi ndogo za nguo: gumzo la jioni la ukoo wetu wa Kibosho

Mimi, saa 1:05 usiku
Shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa wengine wote. Leo nimemaliza kununua nguo za Krismasi pale Kariakoo: jozi sita za soksi, fulana nne za watoto, kofia mbili za sufu, na blauzi moja pamoja na kilemba kwa ajili ya Bibi. Kinachonisumbua sasa ni namna ya kuzifunga. Mwaka jana nilizifunga kwa karatasi za kung'aa, nikazipanga vizuri kwenye buti la basi, na tulipofika Moshi tukakuta dumu la abiria mwingine limevuja, karatasi zimelowa na kuchanika, na majina niliyoyabandika juu yamebanduka yote. Mtoto wa miaka kumi alifungua soksi za mtoto mchanga mbele ya ukoo mzima, akanyamaza, akazikunja tena taratibu kama alivyozikuta. Sura ile sijaisahau.

Shangazi, saa 1:11 usiku
Marahaba mwanangu. Hata mimi sijaisahau, kwa sababu baadaye alinifuata jikoni akaniuliza kama yeye ndiye aliyesahaulika. Kwa hiyo nakuunga mkono kwamba jambo hili tulifikirie mapema. Nguo ndogo huonekana kitu kidogo ikitolewa mkononi bila kufungwa, lakini ikifungwa kwa uangalifu mtoto hutambua kwamba kuna mtu aliyeketi akamfikiria yeye.

Mama Mdogo, saa 1:15 usiku
Mimi ningeshauri tununue karatasi nzito zaidi, zile zenye utando wa plastiki, kwani hazilowi kwa urahisi.

Shangazi, saa 1:19 usiku
Mdogo wangu, hizo ndizo zilizonitesa. Siku ya tarehe 26 nilizikusanya gunia zima, nikazitia motoni, nazo zikajikunja na kutoa harufu iliyomkohoza Mama, yaani Bibi yenu, hadi akatoka nje. Ni kweli kwamba katazo la serikali yetu la tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea na halikugusa karatasi za zawadi, lakini sisi wenyewe tulishazoea kurudi kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa, na sioni sababu ya kuirudisha plastiki sebuleni kwa siku moja tu ya sikukuu.

Dada, saa 1:24 usiku
Shikamoo Shangazi, shikamoo Mama Mdogo. Naomba tufikirie vitambaa. Fundi cherehani aliye jirani yangu hubakiwa na vipande vya vitenge kila wiki, na huniuzia fungu zima kwa bei ndogo sana. Vingi vina ukubwa wa nusu mita kwa nusu mita, na nikishavipinda kingo kwa cherehani yangu havitoi nyuzi. Kitambaa hakichaniki ndani ya buti, na baada ya sikukuu mtoto hukitumia kama leso, au mama yake hukifanya kitambaa cha kichwa.

Mjomba, saa 1:32 usiku
Hilo ni wazo zuri, na wenzetu wa Japani wamelifanya kwa karne nyingi. Kitambaa chao cha mraba cha kufungia vitu huitwa furoshiki, na kila nilitajapo neno hilo masikio yangu husikia furushi letu. Mwaka 2006 Yuriko Koike, aliyekuwa waziri wa mazingira wa nchi hiyo, alikihimiza upya ili watu wapunguze mifuko ya plastiki. Kanuni ya vipimo ni nyepesi: kitu unachokifunga kiwe na urefu wa karibu theluthi moja ya mstari unaotoka pembe hadi pembe. Kitambaa cha nusu mita kina mstari wa takriban sentimita 70, kwa hiyo kitafunga vizuri fulana iliyokunjwa kufikia sentimita 23 hivi.

Tandika kitambaa mezani huku pembe moja ikikuelekea, weka fulana katikati, ifunike kwa pembe iliyo karibu nawe, kisha kwa ile ya mbele. Pembe mbili zinazobaki zifunge juu kwa fundo la mara mbili, kwanza ya kulia ipite juu ya ya kushoto, kisha ya kushoto juu ya ya kulia. Ukirudia upande uleule mara zote mbili, fundo hukaa mshazari na kulegea njiani.

Mimi, saa 1:40 usiku
Asante sana, Mjomba. Nimejaribu sasa hivi kwa leso yangu na jozi mbili za soksi, na fundo limekaa sawasawa. Je, blauzi ya Bibi niifunge kwa khanga?

Mama Mdogo, saa 1:44 usiku
Ifunge, lakini kumbuka kwamba khanga moja ina urefu wa karibu mita moja na nusu, na blauzi itapotelea ndani yake. Ikunje kwanza kwa urefu mara mbili, ukiacha mji, yaani sehemu ya katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, vitazame nje, kisha iviringishe khanga hiyo kuzunguka blauzi na kilemba, uikaze kwa ukili wa rangi. Kipande cha pili cha doti kiweke kando umkabidhi mkononi. Tafadhali usichague khanga kwa rangi peke yake. Soma jina lake kabla ya kulipa, kwa kuwa Mama atalisoma kwa sauti mbele ya wote, na majina mengine ni vijembe. Ukiipata yenye maneno "Nani kama mama", hutakosea.

Binamu, saa 1:51 usiku
Shikamooni. Mimi napendekeza kila furushi tulipambe kwa jani la isale, kwa kuwa ni la kijani, ni refu na halinyauki upesi.

Shangazi, saa 1:54 usiku
Hapana, mwanangu, hilo tusilifanye. Kwetu Wachaga isale hupelekwa na mtu anayeomba msamaha, na huoteshwa mipakani na makaburini. Mzee akipokea soksi zenye jani la isale atakaa akijiuliza ni nani aliyemkosea. Nimemuuliza Mama tupambe kwa nini, naye amenipa maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Chukueni gamba la mgomba lililokauka mtini, si bichi. Lipanguseni kwa kitambaa chenye maji kidogo lilainike, mlichane nyuzi nyembamba, mfungie. Msithubutu kuweka jani bichi karibu na nguo nyeupe, utomvu wa mgomba ukishaingia hautoki hata mfue mwezi mzima."

Mimi, saa 2:02 usiku
Namshukuru sana Bibi, kwani nilikuwa nimeshapanga kutumia majani mabichi. Basi kamba za magamba tutazitengeneza tukifika nyumbani, na huku Dar es Salaam nitafunga kwa vitambaa peke yake.

Dada, saa 2:07 usiku
Kwa zile kofia za sufu huhitaji kitambaa. Ingiza soksi ndani ya kofia, kunja ukingo wake, kisha uifunge kwa utepe mahali pa shingo, na kofia yenyewe itakuwa mfuko. Fulana za watoto wadogo ziviringishe ziwe nyembamba, uzifunge ncha zote mbili kama pipi. Ukikosa vitambaa, ongeza karatasi ya kaki tunayojalidia madaftari, na watoto waipambe kwa mhuri wa nyota uliochongwa kwenye kiazi na kuchovywa katika rangi ya maji. Magazeti usiyatumie, wino wake huhamia kwenye nguo nyeupe.

Mama Mdogo, saa 2:12 usiku
Soksi za mtoto mchanga je, zikiviringishwa na kupangwa katika vishimo sita vilivyokatwa kwenye trei ya mayai?

Shangazi, saa 2:15 usiku
Zitapendeza kweli, ila iwe trei mpya ambayo haijawahi kubeba mayai, na soksi zifuliwe na kupigwa pasi kwanza, kwa sababu ngozi ya mtoto wa wiki tatu haivumilii vumbi la dukani.

Mjomba, saa 2:18 usiku
Tusisahau majina, kwani ndiyo yaliyotuumiza mwaka jana.

Dada, saa 2:21 usiku
Nitashona utepe mweupe kwenye pembe ya kila kitambaa, na jina nitaliandika kwa kalamu ya maka kabla ya kushona. Haliwezi kubanduka.

Mimi, saa 2:26 usiku
Kitambaa cha yule mtoto wa miaka kumi naomba nikichague mimi. Kuna kipande cha kitenge cha buluu chenye samaki, na jina lake liandikwe kwa herufi kubwa. Mafurushi ya kitambaa yatakuwa manane, na vipande nilivyonavyo ni vitatu. Dada, kesho baada ya ibada nitapita kwako ili twende kwa fundi.