Nyenzo za bure mtandaoni kwa utafiti wa sayansi za jamii: nianzie wapi?

Mwanatasnifu

Habari zenu ndugu. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu imani ya vijana kwa taasisi za umma, yaani bunge, mahakama, polisi na tume ya uchaguzi. Chuo ninachosoma kimelipia majarida machache, hivyo makala nyingi zinazonifaa ninaishia kusoma ikisiri tu, kisha ukurasa unadai malipo. Nimepitia orodha kadhaa za tovuti za watafiti, lakini zinataja majina bila kueleza kila tovuti ina nini na inamfaa nani. Naomba kujua mambo mawili: makala kamili zinapatikana wapi kwa njia halali bila kulipa, na je, zipo data ambazo mwanafunzi anaweza kuzichambua mwenyewe badala ya kusambaza hojaji upya?

Mkutubi

Ndugu Mwanatasnifu, makala inayouzwa na mchapishaji mara nyingi huwa na nakala ya bure mahali pengine, kwa sababu waandishi wengi huruhusiwa kuweka toleo lao katika hazina ya chuo wanachofanyia kazi. Katika Google Scholar, bofya kiungo cha matoleo yote kilicho chini ya jina la makala, nawe utaona kama kuna nakala ya namna hiyo. Kazi hiyo unaweza pia kuiachia Unpaywall, programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari, ambayo hukuonyesha nakala halali pale pale ulipo. CORE, inayoendeshwa na The Open University ya Uingereza, hukusanya maandiko kutoka hazina nyingi za vyuo na kukuwezesha kutafuta ndani ya matini yenyewe. JSTOR nayo, ambayo ni maktaba ya majarida mtandaoni, ukijisajili kama mtu binafsi, hukuruhusu kusoma mtandaoni hadi makala 100 katika kila kipindi cha siku 30, ingawa huwezi kuzipakua.

SSRN, iliyoanza mwaka 1994, na SocArXiv, iliyoanzishwa mwaka 2016, zina rasimu nyingi za sayansi za jamii. Zisome, ila ukumbuke kwamba nyingi hazijahakikiwa na wanataaluma wengine. Kabla ya kunukuu, angalia kama kazi hiyo ilichapishwa baadaye katika jarida, kwa kuwa takwimu na hata hitimisho huweza kubadilika.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawaulizi ni Research4Life. Mpango huu huzipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida ya kulipia bure au kwa ada ndogo, na tangu mwaka 2018 una sehemu iitwayo GOALI kwa ajili ya sheria na sayansi za jamii zinazokaribiana nayo. Anayejisajili ni taasisi, si mwanafunzi, kwa hiyo nenda maktabani ukaulize. Nimewahi kuona watu wakihangaika muhula mzima ilhali nenosiri lilikuwa kaunta.

Mchambuzi wa Takwimu

Ninakubaliana na Mkutubi, isipokuwa mpangilio ningeugeuza: kwa mada yako ningeanza na hojaji za tafiti zilizokwisha kufanyika, kisha ndipo nitafute makala. World Values Survey, utafiti wa maoni wa nchi nyingi unaofanyika tangu mwaka 1981, inauliza moja kwa moja kuhusu imani kwa bunge, mahakama, polisi na uchaguzi, na awamu yake ya saba ilikusanywa kati ya 2017 na 2022. Afrobarometer, iliyoanza mwaka 1999, ina maswali ya aina hiyo hiyo kwa nchi za Afrika. Zote mbili hutoa data ghafi bure, pamoja na hojaji na mwongozo wa vigezo, na programu ya takwimu iitwayo R, ambayo nayo ni ya bure, huzifungua bila shida.

Usianze kukokotoa kabla ya kusoma mwongozo. Katika World Values Survey, 1 maana yake ni imani kubwa sana na 4 ni kutokuwa na imani kabisa, kwa hiyo wastani ukipanda, imani imeshuka. Aliyejibu kwamba hajui hupewa -1; usipomwondoa, hesabu itamchukulia kuwa ana imani kuliko watu wote. Angalia pia ukubwa wa sampuli. Afrobarometer huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa kila nchi, wenye miaka 18 na kuendelea. Ukichukua vijana peke yao kisha ukawagawa kwa mkoa na jinsia, utabaki na makundi madogo yasiyoweza kubeba hitimisho lolote.

Ukihitaji picha ya elimu na ajira ya vijana hao, IPUMS ya University of Minnesota ina sampuli za sensa za nchi nyingi, nawe utatakiwa kujisajili na kueleza matumizi yako. ICPSR ya University of Michigan ni hazina kubwa ya tangu mwaka 1962, lakini baadhi ya data zake hufunguliwa kwa taasisi wanachama pekee.

Msomaji wa Majarida

Nyongeza fupi: jarida kuwa la bure hakulifanyi liwe la kuaminika. Litafute kwanza katika DOAJ, orodha ya majarida ya bure yaliyokaguliwa, ambayo mwaka 2016 iliyaondoa majarida takriban 3,300 ambayo hayakuomba upya ipasavyo yalipotakiwa.

Mwanatasnifu

Nashukuru sana. Msimamizi wangu anataka pia sehemu ya mahojiano. Je, kuna mahojiano ya wazi, na programu ya bure ya kuyachambua?

Mchambuzi wa Takwimu

Yapo, ila ni machache kuliko takwimu, kwa sababu jina la mhojiwa hufutika kwa urahisi lakini simulizi ya maisha yake bado humtambulisha kwa wanaomfahamu. Jaribu Qualitative Data Repository ya Syracuse University na UK Data Service. Tarajia masharti ya matumizi, na kwa baadhi ya mikusanyo utaomba idhini. Hata usipopewa mahojiano yenyewe, miongozo ya maswali iliyoambatanishwa itakusaidia kuandaa yako. Kwa uchambuzi, Taguette inakutosha: unaweka alama kwenye vifungu vya matini, kisha unavikusanya kwa mada. Isakinishe kwenye kompyuta yako badala ya kutumia toleo la mtandaoni, hasa kama wahojiwa wako watazungumzia polisi.